Matuta Yasiyo na Pengo

Habari za kifo cha Dakta Mladen zilinifikia ofisini, saa nne asubuhi, kwa barua pepe ya binti yake ambaye sijapata kumwona. Aliandika kwa adabu na kwa ufupi: baba yake amefariki Zagreb baada ya kuugua miezi michache, amezikwa kijijini kwao karibu na mto, na alikuwa na umri ambao watu hawashangai tena mtu anapokufa. Aliambatanisha wasifu wa kurasa nne ulioandaliwa na chuo kikuu alikofundisha, akaniomba, kama nina nafasi, nimweleze baba yake alifanya nini hasa Tanzania, kwa kuwa katika kurasa zote hizo miaka yake miwili ya Kilimanjaro ilipewa mstari mmoja. Niliisoma barua mara mbili. Kisha nikaendelea kusahihisha mitihani ya baiolojia ya wanafunzi wangu, na sikukosea kujumlisha alama hata mara moja. Saa saba nilikwenda kantini nikala wali na maharage. Tangu siku hiyo nimekuwa nikingoja huzuni inifikie, nayo haijafika. Nimeanza kushuku kwamba ilikwisha kunipitia zamani, mwaka ule tuliofanya kazi pamoja, nilipokuwa na kazi nyingi nikashindwa kuitambua.

Wasifu ule unasema kweli, lakini kwa namna karatasi zinavyosema kweli. Alizaliwa katika nchi ya tambarare, mtoto wa mlinzi wa msitu. Alisomea misitu Zagreb, akaandika tasnifu juu ya urithi wa mialoni, yaani jinsi mti mzazi unavyowapa watoto wake unyofu, kimo na uvumilivu, au unavyowanyima. Halafu zinakuja orodha: makala, kamati, wanafunzi aliowasimamia. Mimi nilimjua kwa njia nyingine. Nilimjua kwa jinsi alivyomenya ndizi ya kuchemsha kwa kisu na uma, kwa kikohozi chake cha asubuhi, na kwa sauti ya redio yake ndogo iliyokaa kwenye dirisha la chumba cha mbegu, ikielekezwa kaskazini kana kwamba kuelekezwa huko kungesaidia.

Nilifika kituoni kwake kama msaidizi wa utafiti mwezi wa saba mwaka 1991, nikiwa na miaka ishirini na miwili na stashahada ya misitu iliyokuwa bado haijakunjwa. Kituo kilikuwa juu ya Kibosho, mahali ambapo vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, vinaishia na msitu unaanza, na barabara ya kukifikia ilikuwa ya mawe na makorongo kiasi kwamba gari la mradi lilipanda kwa gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Nyumba ilikuwa ya mbao, bati lake limeota kutu kwenye kingo. Ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja alilala Dakta, kimoja kilikuwa ofisi yenye mashine ya kupiga chapa na kitanda changu nyuma ya pazia, na cha tatu, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa chumba cha mbegu. Humo mlikuwa na meza ndefu, machekecheo, mizani, makopo ya biskuti yaliyojaa mbegu, na bunda la vibati vya alumini ambavyo fundi mmoja wa Moshi mjini, Singasinga mwenye duka nyuma ya soko, alitukatia kutoka kwenye mabaki ya mabati yake na kuvigonga namba. Chumba kilinuka utomvu na karatasi. Nilikipenda kabla sijaelewa kinachofanyika ndani yake.

Kilichofanyika kilikuwa rahisi kukieleza, na Dakta alinieleza siku ya kwanza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kilichonyooka kama mstari wa rula. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Watu walikuwa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na mringaringa, ule mti wa kivuli uliokuwa umesimama juu ya kahawa na migomba tangu enzi za babu zetu, ulikuwa unakatwa kwa mbao, kwa sababu sasa mwenye mbao aliweza kumuuzia amtakaye. "Wanakata ile iliyonyooka," alisema. "Wanaacha iliyopinda. Iliyopinda inazaa. Baada ya miaka hamsini, mlima huu utakuwa na watoto wa iliyopinda tu." Kazi yetu ilikuwa kuizunguka miteremko, kutoka Kibosho mpaka Kilema, tuchague miti mama ambayo bado ilikuwa imesimama, tuchume mbegu za kila mmoja, tuzioteshe kila mmoja katika tuta lake lenye kibati chake, na masika tupande watoto wote katika shamba moja la majaribio. Baada ya miaka, mtu angeweza kutembea humo na kusema: watoto wa mti huu ni wazuri, chukueni mbegu hapa, wapeni wakulima.

Na palikuwa na sharti moja. Alilirudia kila Jumatatu mbele ya wanawake sita wa kitalu, mikono ameiweka nyuma kama mwalimu wa zamu: mche using'olewe. Ukidumaa, uachwe. Ukifa, nafasi yake ibaki wazi. "Kufa ni jibu," alisema. "Mama ambaye watoto wake wanakufa, tunataka kumjua."

Wanawake walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, kisha walipobaki peke yao walizungumza. Nilikuwa nikikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikiandika kwenye rejista, na maneno yao yalinifikia pamoja na mlio wa viriba vikijazwa udongo.

"Huyu meku kwao wana shida kubwa," alisema mmoja, kwa neno letu la mzee. "Anahesabu mpaka waliokufa."

"Padri naye anahesabu waliokufa," akajibu Mama Firmina, aliyekuwa kiongozi wao, "tena anawasomea misa."

"Mimi tuta langu likiwa na mapengo hivi, mama mkwe angenirudisha kwetu."

"Wewe angekurudisha hata lingejaa."

Walicheka kwa muda mrefu, na mimi nikacheka kimya kimya juu ya rejista. Mama Firmina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye kihamba chake chini kidogo ya kituo, na hakuna mtu Kibosho yote aliyeweza kuotesha kitu kama yeye. Mgomba aliougusa ulisimama. Aliniita mwanangu, akaniletea ng'ande, chakula chetu cha nyumbani, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akanitazama nikila mpaka bakuli liishe. Dakta naye Jumapili alipika supu ya maharage na nyama ya nguruwe aliyoikausha mwenyewe kwa moshi wa matawi ya mibuni. Mama Firmina aliionja mara moja, akaifikiria, akasema, "Hiki ni kiburu kilichokosa ndizi." Dakta alinitaka nimfafanulie, na nilipomfafanulia kwamba kiburu ni ndizi zilizopondwa na maharage alicheka mpaka akavua miwani. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Kufikia mwezi wa kumi, redio ilikuwa imekuwa mtu wa tatu mezani. Watangazaji wa Kiingereza walitaja miji midogo ya kwao Dakta, ambako vita vilikuwa vimeanza, nami nilijifunza kusoma ukubwa wa habari kwa mikono yake: kama chekecheo liliendelea kutikisika, mji uliotajwa ulikuwa mbali, kama lilisimama, ulikuwa karibu. Karibu na nini, aliniambia kidogo kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameizunguka misitu ya tambarare ile akitafuta mialoni iliyo bora kuliko yote. Vijiti vya kubebesha, vile vinavyounganishwa kwenye mche mwingine ili uendeleze mti ule ule, vinatakiwa vitoke kwenye kilele, na mwaloni mkubwa haupandiki mpaka huko, kwa hiyo walikuwa wakiviangusha kwa risasi ya bunduki, kijiti kimoja kwa risasi moja, na yeye akisimama chini akidaka. Vijiti hivyo walivibebesha kwenye miche, wakaipanda miche katika bustani moja ya mbegu, kila mti ukiwa na namba na asili yake. Ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuzaa vya kutosha wakati alipopewa mkataba wa kuja kwetu, mkataba uliotiwa saini na nchi ambayo, kabla mbegu zetu hazijamaliza kuota, haikuwapo tena.

Mbegu za mringaringa hazioti kwa pamoja. Huota leo chache, wiki mbili baadaye nyingine, na nyingine hazioti kabisa. Krismasi ilipopita, baadhi ya matuta yetu yalikuwa yamejaa na mengine yalikuwa ya kusikitisha. Baya kuliko yote lilikuwa namba kumi na saba, watoto wa mti mmoja mkubwa, mnyofu kama mnara, tulioukuta Kilema katika kihamba cha mjane mmoja si mbali na misheni. Dakta alikuwa ameushika ule mti kwa mikono miwili kama mtu anayesalimia. Miche yake ilikuwa michache, mifupi, ya majani ya njano, na kati yake palikuwa na udongo mtupu.

Mwezi wa kwanza Dakta aliitwa Dar es Salaam. Pasipoti yake ilikuwa ya nchi iliyovunjika, na pale ubalozini walitaka afike mwenyewe aamue ni raia wa wapi. Alitaka pia kujaribu simu za huko, kwa sababu mama yake alikuwa hajapatikana tangu mwezi wa kumi na moja. Aliniachia funguo. Siku iliyofuata dereva alikuja na ujumbe kutoka mjini kwamba wafadhili watatembelea kituo Ijumaa hiyo.

Nimejaribu mara nyingi kujiandikia jambo hili kwa namna itakayoonyesha kwamba sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimesoma somo hilo chuoni na nikalifaulu. Nilipita kati ya matuta Jumanne asubuhi pamoja na Mama Firmina, nikayatazama kwa macho ya mgeni atakayeyatazama Ijumaa, na aibu ikanipanda mwilini kama joto. Haikuwa aibu ya mtaalamu. Ilikuwa ile aibu ambayo msichana yeyote wa mlimani hufundishwa kabla hajafundishwa kusoma, kwamba shamba lenye mapengo ni tangazo la uvivu wa mwanamke anayelilima.

"Wageni wakikuta hivi watasema sisi tumelala," alisema Mama Firmina.

"Dakta amekataza."

"Dakta yuko Dar. Hapa ni wewe." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anasubiri, kijiti cha kutobolea udongo mkononi, kama mtu anavyosubiri kuambiwa chumvi imetosha. "Na huko kwingine imejaa mpaka inabanana. Ni dhambi, mwanangu, mche kubanana hapa na pale pako wazi."

Nikasema, "Jazeni."

Walifanya kazi ile kwa furaha ambayo sijaiona tena kitaluni. Waling'oa iliyodumaa, wakaitupa kwenye shimo la mboji, wakahamisha miche yenye afya kutoka kwenye matuta yaliyojaa, mmoja huku na miwili kule, kwa vidole vyepesi visivyovunja hata mzizi. Kufikia Jumatano jioni matuta yote yalikuwa ya kijani kibichi kutoka ncha hadi ncha, na vibati vya alumini viling'aa juu yake kwa utaratibu mkamilifu. Ijumaa wageni walipita, wakapiga picha, wakala mtori, wakasifu, wakashuka kabla mvua haijaiharibu barabara. Kila mmoja wetu alijisikia vizuri.

Dakta alirudi Jumapili. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulibana bahasha. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kitaluni na koti lake la safari, akasimama mbele ya tuta la kumi na saba, akainama, akasimama tena.

"Imeota," alisema.

"Ilichelewa, Dakta," nikasema. "Mvua ilikuwa nzuri."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoisema. Aliiamini kwa sababu mringaringa huota hivyo, na kwa sababu nilikuwa mimi. Alikaa pale karibu saa nzima na rula yake, akipima, akiniambia namba, nami nikiandika. Aliniambia mti wa Kilema ulikuwa wa ajabu: watoto wake huchelewa, lakini wakija huja na nguvu kuliko wote. Pengine hiyo ilikuwa namna yao ya kukwepa ukame wa mwanzo. Pengine tumepata kitu. Sikuwa nimemwambia bado kwamba mjane wa Kilema alikuwa ameuuza mti wenyewe kwa wapasua mbao kabla ya Krismasi. Nilimwambia wakati huo, na akasema polepole kwamba basi ni vizuri, ni vizuri tuna watoto wake hapa.

Jioni, tukiwa mezani, alinieleza kilichokuwa ndani ya bahasha. Ilitoka kwa msaidizi wake wa zamani. Mama yake alikuwa hai, kwa ndugu. Bustani ya mbegu ilikuwa imepitiwa na mahandaki. Mialoni mingi ilikuwa imekatwa ili magogo yake yaezeke mahandaki hayo, na ardhi iliyobaki ilikuwa imetegwa mabomu, kwa hiyo hakuna ambaye angeingia humo kwa miaka mingi. Alisimulia hayo huku akimenya ndizi. Aliimenya yote, akaikata vipande vilivyolingana, akaomba chumvi. Nikampa.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. Akanyunyiza chumvi, akaongeza, "Basi. Imebaki hii ya kwenu."

Katika ukurasa wa nne wa wasifu imeandikwa kwamba uzeeni, baada ya sehemu ya ardhi ile kusafishwa mabomu, alirudi na kuanza upya kwa mbegu za mialoni michache iliyosalia. Nilipousoma ukurasa huo nilijaribu kuona uso wake akiingia kwenye nyasi zile. Nilichokiona ni mikono yake tu ikikata ndizi.

Kwa wiki nane zilizofuata niliamka kila siku nikiwa nimeamua kumwambia, na kila siku nikala chakula cha jioni naye bila kumwambia. Hili halikuwa jambo la kuteseka sana, kama mtu anavyoweza kufikiri. Lilikuwa kama kufa ganzi mguu: unajua mguu upo, unaweza hata kuutembelea. Yeye alifanya kazi kama ambavyo hajafanya tangu nimjue. Alichora ramani ya shamba la majaribio, na kwa kuwa kila familia, yaani watoto wa mti mama mmoja, ilipaswa kuangukia mahali pasipochaguliwa na mtu, aliandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kapu la Mama Firmina, akawataka wanawake wapige kura. Walipenda sana. Walitaniana, wakashangilia namba kama wanashangilia harusi, na kila karatasi iliyotoka mimi niliiandika kwenye ramani. Mama Firmina alipotoa kumi na saba hakushangilia. Alinitazama, akanipa karatasi.

"Mimi sitakuwepo miti hii ikikua," Dakta aliniambia jioni hiyo, akikunja ramani. "Wewe ndiye utakayepima. Baada ya miaka ishirini utakuja hapa, utasema: familia hii. Na watu watapanda unachosema."

Hapo ndipo nilipoelewa mpaka mwisho wake nilichofanya. Ilikuwa imebaki wiki moja mvua za masika zishike. Miche ikishaingia ardhini na vibati vyake, uongo ungeota mizizi na kupewa namba, na siku moja mkulima wa Kilema au wa Hai angepewa mbegu za mti fulani kwa jina la mti mwingine. Kwa upande mwingine, nikisema, ninamwondolea mtu yule kitu cha mwisho alichokuwa nacho duniani. Niliyapima mawili hayo kwa utulivu kabisa, na hakuna upande ulioshuka.

Nilishuka kwa Mama Firmina. Alikuwa jikoni, anakoroga uji wa watoto, na moshi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni.

"Hujamwambia," alisema kabla sijamaliza kumwamkia.

"Bado, mama."

"Utamwambia lini? Akishazikwa?"

"Nikimwambia hana kitu tena."

"Hata sasa hana. Ila hajui." Aliondoa chungu motoni, akajifuta mikono. "Kesho nitachuma sale, tutakwenda wote."

Kwa asiye wa huku: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekosa hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa sale hakatai kusamehe. Hilo ndilo lililonitatiza. Nilimwambia Mama Firmina kwamba Dakta hajui maana yake, hivyo tutakuwa tunamfunga kwa kamba asiyoiona.

"Ajue, asijue," akasema, "sisi tunajua."

Asubuhi alikuja amevaa kitenge chake cha misa, jani limeshikwa kwa mikono miwili. Dakta alikuwa chumba cha mbegu anapanga vibati. Alilitazama jani, uso wake ukafunguka kidogo, akataja jina lake la kitaalamu na kuuliza limechumwa kwenye mwinuko gani. Alidhani tumemletea sampuli.

"Dakta, shikamoo," alisema Mama Firmina, ingawa walikuwa karibu wa rika moja. "Tumekukosea. Wakati uko Dar tuliing'oa miche iliyodumaa. Tukajaza mapengo."

"Ni mimi niliyesema wajaze," nikasema.

Aliweka chini kibati alichokuwa nacho, akakinyoosha kiwe sawa na vingine.

"Tuta gani?"

"Mengi. Hatukumbuki yote."

"Kumi na saba?"

"Kumi na saba, ndiyo."

"Mlijaza kutoka wapi?"

"Palipojaa," alisema Mama Firmina.

"Na ile iliyong'olewa?"

"Shimoni."

Alitoka. Tulimwona kupitia dirishani akiwa amesimama juu ya shimo la mboji, ambalo kwa wiki nane lilikuwa limeoza na kugeuzwa na kuoza tena. Hakulipekua. Aliporudi, Mama Firmina alikuwa bado amesimama palepale na jani lake.

"Hili ni la nini?" akauliza.

Mama Firmina akamweleza.

"Na mtu akikataa?"

"Hakatai."

Dakta akanyoosha mkono, akalipokea. "Basi nimekubali," alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea kifurushi posta. Mama Firmina alishusha pumzi, akaenda kubadili nguo aanze kazi. Kwake lilikuwa limekwisha, na nadhani mpaka leo ni yeye pekee kati yetu ambaye lilikwisha kabisa.

Mvua zilishika siku ya nne. Katika siku hizo, Dakta hakuzungumzia jambo lile wala hakunibadilikia. Alikula, alisikiliza redio, alilala mapema. Nilijua, na yeye alijua kwamba ninajua, kuwa hakuna mtu mwingine ambaye angegundua. Wafadhili walikuwa na picha zao. Makala juu ya mti wa Kilema ilikuwa imeandikwa nusu, na makala hiyo ingempatia miaka mingine miwili mbali na vita. Siku ya nne asubuhi alichukua kopo tupu la biskuti, akaanza tuta la kwanza, akavitoa vibati vyote kimoja kimoja mpaka la mwisho. Kisha akamwambia Mama Firmina awaite watu wa vihamba vya jirani waje wachukue miche wakapande watakapo, bila namba na bila jina. Walikuja na vikapu na machela. Miche ilikuwa mizuri sana. Kila mtu alisema hivyo.

Jumamosi aliniita ofisini nimpigie chapa ripoti ya kufunga jaribio. Niliweka karatasi nne na kaboni tatu katikati, nikazisawazisha, nikakaa. Aliitamka kutoka kichwani, kwa Kiingereza cha polepole, akiwa amesimama dirishani amenipa mgongo. Alieleza lengo, mbinu, idadi ya miti mama. Alieleza kwamba utambulisho wa familia ulipotea kitaluni na hauwezi kurejeshwa. Hapo nikangoja nikiwa nimeweka vidole juu ya herufi, kwa sababu nilijua kinachofuata ni sababu, na sababu ilikuwa na jina, na jina lilikuwa langu. Nilikuwa tayari kuliandika. Ningeliandika bila kutetemeka.

"Kosa," alisema, "ni la mtafiti mkuu, aliyeondoka kituoni wakati miche inaota, bila kuacha usimamizi wa kutosha."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ilinipasa kusema kitu, na maneno ya kusema yalikuwa machache na rahisi, hata leo naweza kuyapanga. Aligeuka kidogo akaniuliza kama nimeandika.

"Naandika," nikasema.

Nikaandika. Sikukosea hata herufi moja. Nikachomoa karatasi, nikatenganisha nakala na kaboni, nikazipanga mbele yake, nikamfungulia kalamu.